Uchumi na siasa chuo kikuu: miaka mitatu, minne yenye mwaka wa kazi, au nyumbani na fildi?

Nawaandikia wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao, hasa familia zenye mguu mmoja Uingereza na mwingine Dar, Mombasa au Nairobi. Swali nimeulizwa kwa sura nyingi, lakini ni lilelile: kozi ya uchumi na siasa ya miaka minne, yenye mwaka mzima wa kazi katikati, inaizidi nini ile ya miaka mitatu? Na zote mbili zinamzidi nini kijana aliyebaki nyumbani, akasoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au Chuo Kikuu cha Nairobi na kwenda fildi, yaani mafunzo ya kazi ya muda mfupi, wakati wa likizo?

Jibu langu nalitanguliza ili msomaji ajue nasimama wapi. Kijana mwenye ukaazi Uingereza, anayelipa ada ya wenyeji, achukue miaka minne. Sioni sababu nzuri ya kuuacha mwaka wa kazi, labda awe amepata nafasi Oxford. Kijana anayetoka Afrika Mashariki kwa viza ya mwanafunzi, ada ikilipwa kwa kuuza kiwanja cha familia, asikimbilie. Kwake, mara nyingi kusoma nyumbani kwanza na kwenda nje baadaye kuna faida zaidi. Sababu ziko chini, na zinatofautiana kwa uzito.

Kwa nini masomo haya yaende pamoja

Wapo wanaosema anayesoma mawili hajui anachotaka. Nakataa, na ushahidi hauko mbali. Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu. Mwenye uchumi peke yake atauliza: watu watapunguza kutuma pesa kwa kiasi gani, na baada ya kupungua huko serikali itabaki na kiasi gani? Ni swali zuri, lina hesabu yake. Lakini hesabu hiyo haikuelezi kwa nini Septemba mwaka huohuo tozo zilipunguzwa kwa asilimia 30. Hapo inabidi ujue bajeti inapitaje bungeni, malalamiko ya mama ntilie na wakala wa mtaani yanamfikiaje waziri, na kwa nini makato yanayoonekana kwenye simu kila unapotuma pesa yanakera kuliko kodi iliyojificha ndani ya bei ya sukari.

Kenya ilijifunza hilo kwa uchungu zaidi. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa na Bunge tarehe 25 Juni, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge siku hiyohiyo, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Aliyepiga mahesabu ya muswada ule bila kupima kama wananchi watakubali kulipa alikuwa amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo inayofundishwa kwenye siasa. Ndiyo maana napenda kozi hizi, na ndiyo maana nasisitiza zichaguliwe kwa macho mawili wazi.

Njia zinazolinganishwa

Kuchanganya masomo na kazi ni jambo la zamani Uingereza. Chuo cha ufundi cha Sunderland kilianza utaratibu huo mwaka 1903, kwa wahandisi. Mwaka 1966 vyuo kadhaa vya teknolojia vilipandishwa hadhi kuwa vyuo vikuu, vikiwemo Bath, Surrey, Brunel, Aston na Loughborough, navyo vikaendelea na utaratibu huo mpaka ukaingia kwenye uchumi na sayansi ya jamii. Leo ukitafuta shahada ya Uchumi na Siasa yenye mwaka wa kazi, Bath ni miongoni mwa majina ya mwanzo utakayokutana nayo. Hii ndiyo njia ya kwanza: mwanafunzi husoma miaka miwili, mwaka wa tatu yuko kazini, wa nne anarudi kumalizia.

Njia ya pili ni miaka mitatu mfululizo darasani, ambayo ndiyo kawaida ya Uingereza kusini mwa Uskoti. Uskoti wenyewe shahada ni miaka minne hata bila kazi. Mwalimu Nyerere alipokuwa Edinburgh, akamaliza mwaka 1952, alisoma uchumi wa siasa pamoja na historia, falsafa ya maadili na mengineyo. Upana huo bado ni sifa ya vyuo vya kule.

Njia ya tatu ni PPE ya Oxford, yaani falsafa, siasa na uchumi, iliyoanza mwaka 1920. Ya nne ni ya nyumbani, yenye fildi kwa Watanzania na atachimenti kwa Wakenya.

Darasani, tazama uzito wa uchumi

Hapa ndipo wengi hupita haraka, nami nataka tukae.

Shahada mbili zinaweza kuitwa Uchumi na Siasa na zikawa vitu viwili tofauti kabisa. Moja ina uchumi nusu kwa nusu, yenye makro (uchumi wa nchi nzima), maikro (uchumi wa kaya na kampuni), hisabati, takwimu na ekonometriki, yaani ufundi wa kupima madai ya kiuchumi kwa data. Nyingine ina uchumi wa utangulizi mwaka wa kwanza, kisha inakuachia uchague, na kijana anayeogopa hesabu anakwepa kila somo lenye namba mpaka anahitimu. Vyeti vyao vinafanana. Milango inayofunguka haifanani.

Mfano mmoja unatosha. Idara ya wachumi ya serikali ya Uingereza, inayojulikana kwa kifupi GES, huwataka waombaji wenye shahada ya mchanganyiko waonyeshe kwamba angalau nusu ya masomo yao ni uchumi, makro na maikro zikiwemo. Kijana aliyekusanya asilimia 40 ya uchumi hana nafasi hapo, hata kama amepata daraja la kwanza na ameandika tasnifu nzuri kuhusu deni la taifa. Kwa hiyo kabla ya kutazama picha za majengo, fungua orodha ya masomo ya kila mwaka, hesabu yale ya lazima ya uchumi, na uone kama ekonometriki ni ya lazima au ya hiari. Ikiwa ni ya hiari, ichukue.

Upande wa siasa, tafuta kozi inayofundisha namna ya kulinganisha nchi na namna taasisi zinavyofanya kazi: mabunge, benki kuu, mahakama, serikali za mitaa. Nadharia ina nafasi yake, na mimi naithamini, lakini kwa anayetaka kufanya kazi ya sera, kujua kwa nini benki kuu moja inaweza kumkatalia waziri wa fedha na nyingine haiwezi ni elimu atakayoitumia kila wiki.

Kisha kuna hisabati, na hili lianze kufikiriwa kidato cha nne. Vyuo vyenye ushindani kama LSE (chuo cha uchumi na siasa cha London), Warwick na Bath hutaka Hisabati ya A-level, yaani ya kidato cha sita, kwa kozi zao za uchumi na siasa. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) anayo Hisabati kamili. Aliyesoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), ambayo ukiisikia tu unadhani ndiyo njia ya uchumi na siasa, amesoma BAM peke yake, yaani hisabati ya msingi, na hiyo haihesabiwi sawa. Nimeona vijana hodari wa HGE wakigundua hilo wakati matokeo yameshatoka. Mkenya mwenye KCSE, cheti cha kumaliza sekondari, naye kwa kawaida hutakiwa kupitia mwaka wa maandalizi kwanza, hivyo miaka minne inakuwa mitano. Oxford haiifanyi Hisabati kuwa sharti kwa PPE, ila inaisisitiza sana, na wengi wanaopata nafasi wanayo.

Huo mwaka wa kazi unafanya nini hasa

Chukua mwanafunzi aliyepata nafasi kwenye kitengo cha uchumi cha wizara London. Takwimu za mfumuko wa bei hutolewa na ofisi ya taifa ya takwimu, ONS, saa moja kamili asubuhi. Hadi katikati ya 2017 baadhi ya mawaziri na maofisa waliziona namba hizo kabla ya wananchi, lakini ONS ikaufuta utaratibu huo, kwa hiyo saa moja ikigonga kila mtu anaanza mbio pamoja. Kijana anapakua jedwali, anaingiza namba mpya kwenye faili la Excel, grafu inabadilika. Vyakula vimepanda, mafuta yameshuka. Anaandika mistari michache: namba ni ipi, imebadilikaje tangu mwezi uliopita, nini kimeisukuma, na upinzani utasema nini bungeni. Bosi wake anaipitia, anafuta sentensi mbili, anauliza namba ya tatu imetoka safu gani ya jedwali. Inatumwa kabla watu wengi hawajamaliza chai ya asubuhi.

Hakuna somo la darasani linalofundisha hilo. Chuoni anapewa maneno elfu mbili na wiki nne, kule ni nusu ukurasa na nusu saa, na anayesoma ana mamlaka ya kuifanyia kazi. Anajifunza kwamba kosa la safu moja ya jedwali linaweza kumwaibisha waziri. Anajifunza pia kwamba hoja nzuri ya kiuchumi inaweza kukataliwa kwa sababu ya wakati tu: uchaguzi uko karibu, au wizara jirani imeshatangaza kinyume. Wanafunzi wa namna hii wakirudi mwaka wa nne huuliza maswali ya aina nyingine darasani. Ni kweli pia kwamba wengi wanaopata nafasi hizo walikuwa hodari tangu mwanzo, hivyo tusiuhesabie mwaka wa kazi matokeo yao yote.

Linganisha na fildi. Kwa kawaida ni wiki nane hivi, wakati atachimenti ya Kenya huwa kama miezi mitatu. Mwanafunzi huzunguka na barua ya chuo akiomba nafasi benki kuu, ofisi ya takwimu, mamlaka ya mapato au halmashauri, na mara nyingi anayeipata ni yule mwenye mjomba ndani. Wiki ya kwanza anatambulishwa, ya pili anapanga mafaili, na ofisi ikianza kumzoea muda umekwisha na logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi, inataka sahihi. Hili linaniuma, kwa sababu watoto wetu hawana upungufu wa akili wala bidii. Wanachokosa ni muda wa kutosha mahali pamoja, kwa kazi yenye jina lao juu yake. Hata hivyo nimeona fildi zilizozaa matunda. Halmashauri yenye mchumi mmoja aliyezidiwa na kazi humpa mwanafunzi bajeti ya kata nzima aichambue, jambo ambalo mgeni wa mwezi mmoja London asingeruhusiwa kulisogelea.

Jambo moja wazazi wengi hawalijui: chuo cha Uingereza hakikugawii kazi. Kinakusaidia kuandika wasifu, kinakuonyesha matangazo, lakini unashindana mwenyewe. Maombi huanza Septemba ya mwaka wa pili, wakati wengi bado wanatafuta nyumba ya kupanga, na waajiri wakubwa hufunga kabla ya Krismasi. Kuna majaribio ya mtandaoni, kuna mahojiano ya kujirekodi video, kuna siku nzima ya tathmini. Vijana wetu hukwama kwenye mahojiano kwa sababu tumewalea wasijisifu. Akiulizwa jambo aliloongoza anasema "tulifanya". Mwajiri anataka kusikia "nilifanya", na afafanue alifanya nini. Afanyishwe mazoezi nyumbani, na shangazi au kaka aliyepitia mahojiano hayo. Anayekosa nafasi hurudishwa kwenye kozi ya miaka mitatu, na hilo si aibu, lakini lina matokeo kwa mwenye viza kama tutakavyoona.

Fedha

Kwa anayelipa ada ya wenyeji England, hesabu ni nyepesi. Mwaka wa masomo 2025/26 kikomo cha ada kilikuwa pauni 9,535. Kwa mwaka wa kazi chuo hakikuruhusiwa kutoza zaidi ya pauni 1,905. Kwa viwango hivyo miaka mitatu ni 28,605 na minne yenye kazi ni 30,510. Tofauti ni hiyo pauni 1,905, na upande wa pili wa mizani kuna mshahara wa mwaka mzima. Mkopo wa kujikimu hupunguzwa mwaka huo, jambo lililo haki kama unalipwa.

Kama unalipwa, nasema, kwa sababu sheria ya kima cha chini cha mshahara haimlindi mwanafunzi aliye kwenye kazi ya hadi mwaka mmoja ambayo ni sehemu ya shahada yake. Nafasi nyingi za serikali, benki na kampuni za ushauri hulipa vizuri. Baadhi ya mashirika madogo ya utafiti na ofisi za kampeni hutoa nauli na shukrani. Kijana wa familia isiyojiweza asikubali mwaka wa bure kwenye mji wa ghali kama London, hata jina la shirika liwe tamu kiasi gani.

Kwa familia za Kiislamu, na wasomaji wengi wa pwani mko humo, kuna suala la riba kwenye mkopo wa wanafunzi. Serikali ya Uingereza ilishauriana na umma mwaka 2014 kuhusu mfumo mbadala usio na riba, sheria ya elimu ya juu ya 2017 ikaupa nafasi, na wanafunzi wamekuwa wakiusubiri tangu hapo. Kwa familia iliyoamua kutogusa mkopo, mwaka wa kazi una thamani ya pekee, kwani akiba ya mshahara inaweza kulipa sehemu kubwa ya ada ya mwaka wa mwisho. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya niisimamie njia hii kwa nguvu.

Kwa mgeni, ada ya kozi za uchumi huanzia kama pauni 20,000 kwa mwaka na kuvuka 30,000 kwenye vyuo vyenye majina, na kila mwaka wa viza una malipo ya afya ya pauni 776. Mwaka wa kazi ada hupungua sana, ila hiyo ya afya haipungui. Zidisha kwa shilingi za Tanzania au Kenya, kisha jiulize fedha hiyo ingefanya nini kingine.

Viza, kwa anayetoka nyumbani

Habari njema kwanza. Mwanafunzi mwenye viza, anayebanwa na saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, anaruhusiwa kufanya kazi muda wote kwenye mwaka wa kazi ikiwa mwaka huo ni sehemu ya kozi inayotathminiwa na hauzidi nusu ya kozi yote. Mwajiri hahitaji kumdhamini, kwani chuo ndicho mdhamini. Ndiyo maana ni bora uombe kozi ya miaka minne tangu siku ya kwanza. Ukiomba mitatu ukataka kuongeza kazi baadaye, utahitaji viza mpya. Ukiomba minne ukakosa kazi, chuo kitaiarifu serikali na viza itafupishwa.

Sasa ugumu. Kazi za serikali ya Uingereza ziko wazi kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye haki ya kufanya kazi, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Lakini ukaguzi wa kiusalama kwa kawaida hutaka uwe umeishi nchini humo muda fulani: miaka mitatu kwa ngazi ya ukaguzi iitwayo CTC, mitano kwa ile ya juu yake, SC. Aliyefika akiwa na miaka 19 hajafikisha hata mitatu anapoomba. Kwa vitendo, nafasi za wizarani ninazozisifu hapa humwangukia zaidi kijana aliyekulia Leicester au London kuliko aliyeshuka kutoka Kilimanjaro mwaka juzi. Mgeni hutegemea zaidi kampuni binafsi, mashirika ya utafiti na mashirika ya maendeleo.

Kuna hoja inayovuta upande wa pili, nami naikubali. Viza ya kubaki baada ya shahada, ambayo imekuwa miaka miwili, itakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Muda ukipungua, mwaka wa kazi uliomo ndani ya kozi unapanda thamani, kwa kuwa kijana anahitimu tayari ana mwajiri anayemjua. Ukiwa na uwezo wa kulipa, na Hisabati unayo, hoja hii ni nzito.

Oxford

PPE haina mwaka wa kazi. Mihula mitatu ya wiki nane nane, insha kila wiki, mkufunzi mmoja na wanafunzi wawili au watatu chumbani. Mwaka wa kwanza ni masomo yote matatu, kisha unaweza kuacha moja ukabaki na uchumi na siasa. Imewatoa Harold Wilson, Edward Heath, David Cameron, Liz Truss na Rishi Sunak, na nje ya Uingereza Benazir Bhutto na Imran Khan. Maombi hufungwa 15 Oktoba, mapema kuliko vyuo vingi. Aliyepata nafasi hapo aende, kazi atazitafuta likizo ya kiangazi ambayo ni ndefu.

Njia ya nyumbani isidharauliwe

Tanzania iliwahi kulichukulia jambo la kazi na chuo kwa uzito kuliko nchi nyingi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba mwanafunzi asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule. Kwanza jeshi la kujenga taifa, kisha angalau miaka miwili kazini. Utaratibu huo ulikuwa na dosari zake, mojawapo ikiwa kutegemea mapendekezo ya wakubwa wa kazi na wa chama, na haukudumu. Lakini wazo lake la msingi, kwamba anayesoma sera awe amewahi kuishi chini ya sera, naliona lina nguvu hadi leo.

Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Kenya, alisoma uchumi, historia na sayansi ya siasa Makerere, akamaliza 1955 kwa daraja la kwanza, akafanya kazi kampuni ya Shell nchini Uganda, kisha ndipo akaenda LSE kusomea fedha za umma. Alirudi kufundisha uchumi Makerere, akaacha mwishoni mwa 1960 kwenda kukitumikia chama cha KANU. Shahada nyumbani, kazi, nje, nyumbani tena. Njia hiyo ingali wazi. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza kwa mwenye shahada na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, sawa na kama miaka miwili, kwa sharti la kurudi kwenu angalau miaka miwili. Kwa shahada ya kwanza, ufadhili kamili wa namna hiyo ni adimu mno. Mtanzania anayesoma nyumbani anaweza pia kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ambao una fungu la mafunzo kwa vitendo, na ada yenyewe ni sehemu ndogo tu ya ile ya ugenini.

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi. Anayesoma uchumi na siasa Dar au Nairobi anakaa darasa moja na watu watakaokuwa makamishna wa bajeti, wabunge na wahariri wa nchi yake. Miaka 15 baadaye akitaka kujua kwa nini mradi umekwama, anapiga simu.

Nani achague nini

Kijana wa Leicester, mzazi kutoka Zanzibar, ada ya wenyeji, Hisabati nzuri: miaka minne yenye kazi, nusu ya masomo yakiwa uchumi. Mwenzake asiyependa hesabu: achukue siasa na uhusiano wa kimataifa, tena nayo iwe na mwaka wa kazi. Uchumi nusunusu hautamsaidia.

Kijana wa Arusha mwenye EGM na wazazi wanaoweza kulipa bila kuuza kitu: miaka minne, aombe tangu mwanzo, na alenge sekta binafsi au maendeleo. Kijana wa Arusha ambaye ada itatoka kwenye shamba la babu: Mlimani, Mzumbe au Dodoma, fildi mbili zenye maana badala ya zile za kutafuta sahihi, kazi miaka miwili, Chevening. Wa Mombasa mwenye KCSE afuate njia hiyohiyo, isipokuwa kama kuna ndugu Uingereza atakayegharimia hata mwaka wa maandalizi.

Ukishaelekea upande mmoja, mwandikie barua pepe ofisa udahili na umuulize mambo manne. Ni asilimia ngapi ya masomo ya lazima ni uchumi? Kati ya waliojiandikisha kwa mwaka wa kazi, wangapi waliupata mwaka jana, na kati yao wangapi walikuwa wanafunzi wa kigeni? Walikwenda wapi, na walilipwa? Aliyekosa alifanyiwa nini? Swali la pili ndilo lenye kufichua zaidi. Chuo kinachojibu kwa namba, kikitenganisha wageni na wenyeji, kinafuatilia wanafunzi wake. Kikikujibu kwa kipeperushi, andika tena, na usilipe amana ya nafasi mpaka upate jibu.